Paka Aliyetwikwa Moto

Kila asubuhi, katika milima ya Mbooni, Nthenya aliamka kabla ukungu haujaondoka. Aliwasha moto jikoni, akateleka isyo, mahindi na maharagwe ya kutosha siku nzima, kisha akawapa kuku maji. Susu, kama alivyomwita nyanya yake, alikuwa na kazi zake pia: kukamua ng'ombe, halafu kuteremka shambani kunyunyizia sukuma wiki maji na kuwalaani fuko. Hapakuwa na mtu wa kukaa bure katika boma lile. Hata Soksi, paka jike mwenye miguu minne myeupe, siku hizo alikuwa na shughuli, maana alikuwa amezaa watoto watatu ndani ya kikapu kikuukuu nyuma ya magunia ya mahindi.

Sebuleni, juu ya kiti, lilikaa blanketi la viraka. Susu na akina mama wa kanisa walikuwa wamelishona kwa miezi mingi kwa ajili ya harusi ya Anti Mumbua, kitinda mimba wa Susu, ambaye alikuwa anaolewa Makindu. Kila mama alileta kitambaa chake: huyu leso, yule pazia, mwingine joho lake la zamani la kwaya. Katikati kabisa Susu alikuwa ameshona kipande cha shati la buluu la marehemu mumewe, mzee Kitonga, ili Mumbua aende kwake akiwa na kitu cha babake.

"Mtu asiguse hii blanketi," Susu alionya. "Hata mimi naiangalia tu."

Jumamosi moja palikuwa na baridi ya kukata masikio, na stima ilikuwa imepotea tangu jana. Susu alipokwenda kukamua, Nthenya aliwasha koroboi, akalichukua blanketi, akajifunika na kuketi karibu na mafiga. Nitalirudisha kabla hajamaliza, alijiambia. Hayo ndiyo maneno ya kila mtoto dakika chache kabla ya kujitia mashakani. Joto likambembeleza, usingizi ukamchukua. Alipozinduka, moshi ulikuwa ukimwasha pua. Kaa la moto lilikuwa limeruka kutoka mekoni na kutua mapajani mwake, na blanketi lilikuwa likiungua.

Alilimwagia maji, akalifikicha, akalikung'uta. Moto ulizimika, lakini shati la mzee Kitonga halikuwepo tena. Mahali pake palikuwa na tundu ambalo mkono wake ungepita.

Zizi halikuwa mbali. Angeweza kwenda pale pale akasema, akachapwa, yakaisha. Badala yake Nthenya alilirudisha blanketi kitini, akaizima koroboi, akailaza juu yake mpaka mafuta yakamwagika. Kisha akapiga mayowe.

"Susu! Ni Soksi! Ameruka hapa akaangusha koroboi! Nimezima na maji!"

Susu alisimama mlangoni na ndoo yake ya maziwa. Hakulia. Alipitisha kidole kwenye ukingo mweusi wa lile tundu, taratibu, mpaka akamaliza kulizunguka.

"Umemwona na macho yako?"

"Nimemwona."

"Wewe mwenyewe?"

"Haki ya Mungu, Susu."

Mtu ukimsingizia atajitetea, na pengine atapata shahidi. Nthenya alikuwa amemchagua asiye na la kusema, na hiyo ndiyo aibu kubwa ya uongo wake.

"Asi!" Susu alisema, akaitua ndoo kwa kishindo. "Leo ni shati ya mzee. Kesho atatuchoma tukiwa tumelala. Mulinge! Wee Mulinge!"

Mulinge, mwanawe aliyeendesha boda boda, alitoka chumbani kwake akijisugua macho.

"Chukua gunia. Hiyo paka sitaki kuiona hapa tena. Itupe huko soko ya chini, isijue kurudi."

"Lakini mama, si inanyonyesha?"

"Nimesema!"

Soksi alikuwa ameingia chini ya ghala. Mulinge alijaribu kumvuta akaparurwa mkono mpaka damu ikatoka. Akasimama, akapangusa magoti yake.

"Nthenya, iite wewe. Mimi inaniogopa."

Nthenya aliliangalia gunia. Hata hivyo alichutama, akaita kwa sauti ile ile aliyoitumia kila siku. "Pus, pus. Kuja, Soksi." Na Soksi akaja, mkia juu, akajisugua kwenye mguu wake. Mulinge akamkamata shingoni. Gunia likafungwa kamba, likawekwa mbele yake juu ya tangi la pikipiki, na kilio kikasikika mpaka kwenye kona ya mwisho ya mteremko.

Nthenya alifungua mdomo. Susu akamgeukia. "Unataka kusema nini?"

"Hakuna, Susu."

"Basi hao watoto wake utawalisha wewe. Mimi nina blanketi ya kutengeneza."

Nthenya hakujua kulisha paka wasiofungua macho. Alichovya kitambaa katika maziwa baridi akawakamulia vinywani, na maziwa yakawatokea puani. Walilia. Matumbo yao yakawa magumu, nao wakazidi kulia. Alijua Susu angejua la kufanya, kwa sababu Susu alikuwa amelea ndama na mbuzi walioachwa na mama zao tangu ujana wake. Lakini kila alipotaka kumuuliza alihofia kwamba swali moja lingevuta lingine, na mwishowe wangefika kwenye koroboi. Kwa hiyo alimkwepa. Alikula haraka, akaosha vyombo haraka, akajifanya ana kazi nyingi za shule.

Wa kwanza alikufa Jumapili asubuhi. Nthenya alimfukia kando ya sukuma wiki, akanawa mikono, akaenda kanisani kuimba. Wa pili alimfia mkononi Jumatatu baada ya shule, akiwa bado ananyonya ncha ya kidole chake. Hapo Nthenya alishindwa kuvumilia.

Susu alikuwa ameketi mlangoni akifumua nyuzi zilizoungua.

"Susu, ni mimi," Nthenya alisema. "Nilijifunika blanketi, nikalala karibu na moto. Soksi hakufanya kitu."

Sindano ilisimama. Nthenya alisubiri kofi. Alilitamani hata. Susu alimtazama mpaka akainamisha uso.

"Lete huyo mmoja," hatimaye Susu alisema.

Alipasha maziwa moto, akayapunguza makali kwa maji, akaonja joto lake kwenye kifundo cha mkono. Alimdondoshea yule kitoto tone baada ya tone. Kisha alilowesha kitambaa, akamsugua chini ya tumbo mpaka akakojoa.

"Mamake humlamba hapa," alisema. "Asipolambwa hakojoi, tumbo inafura, anakufa. Mbona hukuniuliza?"

"Niliogopa."

"Uliogopa kiboko, wao wakafa."

Kesho yake baada ya shule Susu alimtuma yeye na Mulinge waende kumrudisha Soksi. Njiani Nthenya aliomba kimyakimya. Soko la chini lilikuwa na vumbi na joto, na Mulinge alisimamisha pikipiki mbele ya bucha la Nzioka.

"Ile ya miguu nyeupe?" Nzioka aliuliza bila kuacha kukata nyama. "Ilikaa hapo chini ya meza yangu ikilia tu, matiti yamejaa maziwa. Watu wakaicheka. Halafu mbwa za soko zikaishika. Hiyo hiyo Jumamosi, hata saa sita haikuwa imefika." Akaelekeza kisu chake kwenye shimo la taka.

Nthenya alikwenda kuangalia. Mulinge alinyoosha mkono amzuie, kisha akaurudisha.

Yule kitoto wa mwisho alipona. Susu alimlea kwa siku kadhaa, kisha akamwachia Nthenya kazi hiyo yote, ya alfajiri na ya jioni, na Nthenya hakulalamika. Kulikuwa bado na lile tundu. Siku moja Susu alileta gauni la manjano alilokuwa amemshonea Nthenya kwa ajili ya harusi, akalilaza mbele yake pamoja na makasi.

"Kata hapo kifuani, kipande cha kutosha. Ushone mwenyewe. Makindu utaenda na sare ya shule."

Nthenya alikata. Machozi yalimdondoka juu ya kitambaa alipokuwa akishona, na Susu hakumwambia anyamaze.

"Shati ya babu yako nimekusamehe," Susu alisema. "Uongo pia nimekusamehe, kwa sababu uliutoa bila kulazimishwa. Na mimi nina kosa langu. Nilishikwa na hasira nikamhukumu asiye na mdomo, na nitamwomba Mungu msamaha. Lakini nisikilize vizuri, mjukuu wangu. Ukweli husemwa wakati bado unaweza kumwokoa mtu. Wako ulifika mbwa wakiwa wameshashiba."