Simu Iliyopokelewa na Ukumbi Mzima

Foleni ya ofisi ya uhamiaji asubuhi ile ilijipinda kama utumbo. Ilitoka mlangoni, ikashuka ngazi, ikaishia kwenye meza ya binti mmoja aliyekuwa akipiga picha za pasipoti. Alivaa gauni la manjano na raba nyeupe, nywele kazibana juu kwa kalamu. Mali yake ilikuwa shuka jeupe, kiti kimoja na mdomo wa watu saba.

"Usicheke, baba, serikali haitaki meno! Mama, kidevu juu! Wewe mjomba, umekuja kupigwa picha au kuposa? Funga mdomo!"

Akaketi kijana mrefu mwenye fulana nyeusi, hedifoni shingoni. Binti akachungulia kamera, akainua kichwa, akachungulia tena.

"Kaka, kila mtu hapa nambembeleza anune. Wewe umekuja umeshazimwa. Nani kakuzima?"

"Piga tu, dada."

"Napiga. Lakini ukuta ulio nyuma yako una furaha kukuzidi."

Huyo alikuwa dijei, na mjini walimwita Kisigino, kwa sababu akipiga yeye hakuna kisigino kilichobaki chini. Inasemekana alipiga arusi moja uani kwa watu, na kuku wa jirani wakakaa wiki nzima bila kutaga kwa uchovu wa kucheza. Anayebisha akawaulize kuku.

Lakini tangu mama yake afariki, mwaka mmoja nyuma, mwenyewe alikuwa hasikii kitu moyoni. Msibani hakutoa chozi. Alipanga viti, akagawa maji, akarudi kazini. Muziki ulimpitia kama maji yanavyopita kwenye bomba, na bomba halinywi.

Jioni ile simu yake, ambayo namba yake aliiacha kwenye daftari la binti, ikaita.

"Umeusahau uso wako mezani kwangu," ilisema sauti. "Picha moja imebaki. Niitupe au niiweke?"

"Unavyoona."

"Nimeiweka kwenye pochi, karibu na kioo. Nikitaka kujua kama nimependeza, nalinganisha."

Wakazoeana hivyo, mmoja akisema na mwingine akisikiliza. Binti alimwita "mpenzi", "baba", "jiwe langu". Kisigino akaitika. Twende matembezi? Sawa. Tukae nyumbani? Sawa. Nikate nywele zote nibaki kipara? Sawa. Binti alicheka, maana alishaona kwamba mtu huyu kila jioni huja kukaa karibu na meza yake, akakunja shuka, akabeba kiti, bila kuambiwa.

Kisha ukaja mwaliko. Klabu moja ya nchi za mbali ilisikia muziki wake mtandaoni, ikamtumia tiketi akapige usiku mmoja. Alikuwa chumbani akifunga begi binti alipoingia, akasimama mlangoni bila mzaha wowote.

"Jumamosi wanakuja wazee wa yule mwenye duka la matairi. Wanakuja kuposa. Shangazi ameshanunua vikombe vipya. Niwaambie nini?"

Kisigino alikuwa anakunja waya. "Sema unavyoona wewe."

"Ninavyoona mimi?"

"Sawa tu."

"Vikombe vipya, Kisigino! Mwanamke anakuambia anaposwa, wewe unakunja waya!"

Akaondoka, na mlango akauacha wazi. Kisigino aliamini amempa mwenzake nafasi ya kupata mume mwenye uhai. Mwenzake alisikia anafukuzwa kwa upole. Tangu hapo simu ikanyamaza.

Huko ugenini kulikuwa na baridi ya kuuma meno, ila yeye aliijua kwa kuwatazama watu walivyojikunyata. Klabu ilikuwa ghala la zamani, kuta za matofali, taa za bluu, harufu ya moshi wa mashine na manukato. Mlangoni alikaa mama mnene mwenye sweta jekundu, kazi yake kupokea makoti.

"Wee mwana," mama akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, "lete koti. Kwenu hawali? Mbona mikono kama fito?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekaa huku mpaka nimesahau joto. Nenda kapige, nami nisikie kidogo."

Balaa likaanzia ukutani. Plagi ya kompyuta yake ilikuwa na meno matatu manene, na matundu ya huko ni mawili, membamba kama pua za panya. Betri ikaisha, kompyuta ikazimika hata hajaanza. Kisigino hakushtuka. Akachomeka simu yake kwenye mashine ya kuchanganyia muziki, akapiga nyimbo alizokuwa nazo humo. Kila dijei anajua ukifanya hivyo lazima uzuie simu zisiingie. Yeye hakuzuia. Nani angempigia?

Ukumbi ukajaa. Mabibi wa magauni ya kumetameta, mabwana wa mashati yaliyoloa jasho mgongoni, visigino juu vyote. Yeye akatazama kama mtu anayetazama nguo zikizunguka kwenye mashine ya kufulia.

Ghafla muziki ukakata, simu ikaita. Akaliona jina. Akabonyeza kitufe cha kumsikiliza mpigaji kwenye hedifoni, peke yake, ila akasahau kushusha swichi ya spika za ukumbini. Akapokea.

"Kisigino." Sauti ikatoka kwenye spika ndefu kuliko milango. "Wako sebuleni. Shangazi kamimina chai mara mbili. Nimekimbilia jikoni. Sitaki hotuba. Unanitaka au hunitaki?"

Watu wakasimama. Kisigino akadhani wanashangaa muziki kukatika. Bwana mmoja wa mbele, mwenye ndevu nyekundu, akaona huu ni wimbo mpya, akaanza kutikisa kichwa.

"Mbona kimya? Nijibu, baba. Nikirudi sebuleni nitasema neno ambalo halirudi."

Kisigino akaibana hedifoni sikioni. Ndipo sauti ya mama wa makoti ikapasuka kutoka mlangoni:

"Mjibu, wewe! Umekauka hapo kama nguzo, na sote tunamsikia!"

Akavua hedifoni. Mwingine angekufa kwa aibu. Yeye hata aibu haikumpata, na hapo ndipo alipoogopa. Akaishika simu kwa mikono miwili.

"Sikiliza. Mimi sisikii kitu. Tangu mama aondoke, si muziki, si baridi. Sasa hivi ukumbi mzima unanitazama na wala sioni haya. Nikaona mtu wa namna hii hana haki ya kukuzuia."

"Sikukuuliza unasikia nini. Nimekuuliza unataka nini."

Hata ndevu nyekundu zikatulia.

"Nataka wanywe chai yao waende."

"Rudia."

"Nakutaka wewe. Waende."

Mama wa makoti akapiga kigelegele, na ukumbi, bila kuelewa hata neno, ukalipuka kwa makofi.

"Nani huyo?"

"Mama wa makoti."

"Anayajua mambo yetu?"

"Wanayajua wote. Uko kwenye spika."

"Mungu wangu, Kisigino! Na mimi nimesema 'baba'!" Kisha, kwa sauti ya chini, ambayo spika ziliikuza hivyo hivyo: "Nakuja kukupokea. Ukisema 'sawa' nageuka na teksi ileile."

Msidhani moyo wake ulifunguka kama dirisha. Wapi! Alirudisha muziki, akapiga mpaka mwisho, akachukua koti. Ganzi palepale.

Asubuhi ya kurudi, uwanja wa ndege ulikuwa kelele tupu, vitoroli na watoto waliolala mabegani. Binti alisimama mbele na shangazi yake, mwenye miwani myeusi na mkoba ulioshikiliwa kama mtuhumiwa.

"Ndiye huyu?" shangazi akauliza. "Wale wazee wameondoka vizuri, asante Mungu. Mmoja aliomba chai ya tatu. Haya, kijana, una neno?"

"Kaka yangu mkubwa atakuja kwako Jumapili, shangazi. Na baba mdogo. Nimeshawaambia."

"Na mimi nimeambiwa?" binti akadakia.

"Nakuambia sasa. Utanikubali?"

Binti akamtazama kuanzia viatu mpaka utosi, kama anayetafuta mwanga mzuri. "Nakukubali, jiwe langu. Mwambie kaka apige pasi shati."

Kisigino akatoa simu, haraka, kama mtu mwenye habari isiyoweza kungoja. Kidole kikatafuta jina, kikalipata, kikasimama juu yake. *Mama.* Akalitazama. Mabega yakaanza kutikisika, begi likaanguka, naye akachuchumaa kati ya vitoroli na kulia kwa sauti, kilio cha mwaka mzima, watu wakimzunguka kushoto na kulia.

"Huyu vipi?" shangazi akashangaa. "Si kashapewa mke, analia nini tena?"

Binti alishapiga magoti sakafuni na gauni lake, mkono mgongoni kwa mwenzake.

"Mwache, shangazi. Ndiyo kwanza anafika."