Siki Haikatiki Yote

Cherehani ilinguruma tangu asubuhi. Mshonaji alikuwa anamalizia sare za shule, lakini jicho moja lilikuwa kwenye daftari lililoegemea kopo la vifungo. Jumatatu alikuwa na mtihani wa kemia. Akifaulu, angeingia mafunzo ya wasaidizi wa maabara. Alikuwa ameitamani kazi hiyo tangu alipokatisha shule akiwa msichana.

Mumewe alimwekea chai.

"Mke wangu, utajishona kidole."

"Kidole kitapona. Hili kosa je, litapona lini?"

Alimwonyesha ukurasa. Swali la asidi ya haidrokloriki lilikuwa na alama ya vema. Swali la siki lilikuwa na alama ya kosa, kwa mara ya tatu.

"Labda kichwa changu ni cha vitambaa tu," alisema kwa sauti ya chini.

Mumewe hakumtania tena. Alitoka, akarudi na jirani yao, mama anayepima maji katika maabara ya mji.

"Haya, mgonjwa wangu," alisema Mpima Maji, "nionyeshe panapouma."

Mshonaji alikuwa ameandika:

HCl + H₂O → H₃O⁺ + Cl⁻

CH₃COOH + H₂O → H₃O⁺ + CH₃COO⁻

"La kwanza safi. Asidi imeyapa maji haidrojeni yake, zimebaki ioni, yaani chembe zenye chaji. Lakini siki mbona umeikata yote kwa mshale mmoja?"

"Si asidi nayo? Mimi nikishika mkasi, dada, sibakizi kitambaa."

Mpima Maji alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Basi ndiyo ugonjwa wenyewe! Nisubiri."

Alirudi amevaa glavu na miwani ya kinga. Alibeba bilauri mbili, betri ndogo, nyaya na kitaa.

"Hii ni asidi ya haidrokloriki, hii ni asidi ya siki. Nimezizimua sawasawa kazini. Tunatia asidi kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Nanyi msijaribu bila mtaalamu."

Alitumbukiza nyaya katika bilauri ya kwanza. Kitaa kiliwaka vizuri. Akazisuuza, akazitia katika ya pili. Kitaa kilififia kama kinasinzia.

"Mh! Hiki kimechoka kuliko mimi," mumewe alisema.

Mshonaji aliinama karibu. "Ioni ndizo zinazopitisha umeme. Kwa hiyo humu ni chache?"

"Chache sana. Haidrokloriki ni asidi kali, karibu molekuli zake zote hutengana. Siki ni asidi dhaifu. Nyingi hubaki nzima."

"Na hizo chache hubaki zimetengana?"

"Hapana. Huungana tena, huku nyingine zikitengana."

Mshonaji alitazama sare iliyokuwa mapajani mwake.

"Kama mafundi wawili kwenye gauni moja," alisema taratibu. "Mmoja anafumua, mwingine anashona, kwa kasi ileile. Ukilitazama, halibadiliki."

"Endelea."

Alichukua kalamu, akafuta mshale wa siki, akachora miwili inayoelekea pande tofauti:

CH₃COOH + H₂O ⇌ H₃O⁺ + CH₃COO⁻

"Umepona," alisema Mpima Maji. "Sasa naomba chai yangu, matibabu hayakuwa ya bure."

Jumatatu swali lilikuja na asidi ambayo hakuwahi kuiandika, asidi ya fomiki. Alilisoma tena. Kisha akaona maneno mawili katika swali: asidi dhaifu. Akamkumbuka fundi anayefumua na fundi anayeshona. Akaiandika upande wa kushoto, akachora mishale miwili:

HCOOH + H₂O ⇌ H₃O⁺ + HCOO⁻

Alifaulu.

Wiki ya mafunzo ilipofika, alijishonea koti jeupe la maabara. Asubuhi ya kwanza mumewe alimfunga kifungo cha juu, akaona kitu mfukoni, kilichodariziwa kwa uzi wa buluu. Ilikuwa mishale miwili midogo, mmoja ukienda, mmoja ukirudi.

"Na hii je?"

"Hii," alisema mkewe, akitabasamu, "ni ya kunikumbusha nisikate kila kitu."