Mkufu wa Bibi wa Fedha

Ukumbi wa kanisa ulijaa pomoni Jumapili ile ya Januari, siku ya maonyesho ya sarafu. Meza zilibanana, kila moja na taa yake iliyowashwa mchana kweupe, na harufu ya kahawa na soseji ilitoka jikoni walikokuwa akina mama wa parokia. Renata Kubiak alikuwa ameliinamia sanduku refu la dola za fedha za zamani, lenzi jichoni, sweta lake la kijani likiwa bado na sukari ya unga begani, maana kazi yake ni kupamba keki na alitoka kazini moja kwa moja. Mkono wa mwanamume ukapenya kutoka pembeni, ukachomoa sarafu katika sanduku lile lile.

"Kaka, sanduku lina mwenyewe," alisema bila kuinua kichwa.

Kusini mwa jiji la Milwaukee hakuna mpenda sarafu asiyejua adabu hiyo. Mtu akishakaa kwenye sanduku unamsubiri, hata kama atakesha. Mwenye mkono akaomba radhi, akairudisha sarafu palepale ilipokuwa, na ndipo Renata alipomtazama. Alikuwa jitu la kiume lenye ndevu nyekundu na masikio makubwa, limevaa jaketi la kazi lenye alama za mafuta. Jina lake Curtis Tollefson, fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto.

"Nisamehe, bibie. Macho yalikuwa kwako, mkono ukaenda wenyewe."

"Huo mkono ufunge kamba."

"Nifungie wewe basi."

Renata hakucheka, lakini alisogeza kiti kidogo, na kwa mwanamke kama yeye hilo lilikuwa jambo kubwa.

Sasa, watu wengi wakiona dola mbili za mwaka mmoja wataapa kuwa ni pacha. Hawa wawili walikuwa wa lile kundi dogo la watu wabishi wasiokubali. Chapa zilizozipiga dola hizo zilikuwa nyingi, na kila chapa ilikuwa na kasoro yake: huku tarehe imepinda, kule nyota imepigwa mara mbili. Wao walitafuta hizo aina, na kila wikendi ya maonyesho walizifuata miji ya jirani, Waukesha, Racine, Sheboygan, theluji iwepo isiwepo. Kanuni yao ilikuwa moja tu. Ukiiona, funga mdomo, lipa bei iliyoandikwa, nenda zako. Kama muuzaji hakujua alichonacho, shauri yake.

Penzi lao likakulia kwenye masanduku hayo. Mmoja aliingia ukumbini akaanza na meza za kushoto, mwenzake za kulia, wakikutana katikati wananong'onezana walichopata kama wezi. Ijumaa walikula samaki wa kukaanga na viazi, na Curtis alikuwa akimpigia simu kutoka chini ya nyumba za watu, mikono imejaa masizi, kumuuliza tu kama amekula.

Na siku moja kule Waukesha, Renata akaiona ile dola. Shingoni mwa yule bibi aliyechorwa juu yake kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele, umetoka chini ya sikio ukazunguka mpaka kifuani. Haukuwa katika kitabu chochote. Wakauita Mkufu. Lakini moja haithibitishi kitu, kwani pengine ni mkwaruzo wa kisu ndani ya droo ya mtu. Ili iwe aina, ilitakiwa ipatikane ya pili yenye mstari ule ule, kisha mjuzi anayeaminika azione zote mbili, aitangaze kwa jina la aliyeigundua. Wakaapiana: mpaka ipatikane hiyo ya pili, asiambiwe mtu.

Wengine huvishana pete. Renata alikuwa na siri hiyo, na aliiweka ndani ya mkoba wake popote aendapo.

Tatizo la Renata lilikuwa wivu. Si wivu wa kubahatisha, la, wivu wa kuzaliwa nao. Mhudumu wa samaki akimwongezea Curtis kipande cha mkate, Renata hamezi tena. Curtis alizoea kumtania kuwa siku moja atamwonea wivu huyo bibi wa kwenye dola, na Renata alimjibu kwamba huyo angalau haongei.

Basi ikafika Februari ya mwaka uliofuata. Renata alikuwa na keki za harusi za kumaliza, akachelewa maonyesho ya Jumamosi. Alipoingia, alizunguka meza za kulia asimwone mtu wake. Akamwona kwenye kona, kwenye meza ya muuza sarafu Janelle Prudhomme.

Janelle huyo alijulikana jimbo zima. Hakukuwa na mjuzi wa aina za dola aliyemfikia, na kwa bahati mbaya hakukuwa na mwanamke aliyejua kuvaa kumshinda pale ukumbini. Siku hiyo alivaa koti jekundu lililomkaa kiunoni barabara, kucha rangi ile ile, nywele amezibana juu shingo ikabaki wazi. Alikuwa ameketi na Curtis chini ya taa moja, vichwa vimegusana, wakipokezana lenzi moja. Renata akasogea nyuma ya mgongo wa watu. Na hapo akamsikia Curtis, kwa sauti ile ile ya kunong'ona aliyodhani ni yake peke yake:

"Tazama shingoni. Unaanzia chini ya sikio, unashuka hivi. Umeuona?"

"Nimeuona," akasema Janelle. "Mungu wangu, mzuri kweli."

Damu ikamchemka Renata. Angewakuta wanabusiana, pengine angepiga kelele yakaisha. Lakini Mkufu! Siri waliyoapiana, ndiyo anayompa huyo wa koti jekundu, tena kwa kumwelekeza kwa kidole. Hakuwaendea. Alikwenda meza ya Mzee Otto Behnke, karibu na mlango, ambaye hununua dola zilizochakaa kwa uzito wa fedha na kuzitupa bakulini zikayeyushwe. Akafungua mkoba.

Mzee Otto aliigeuza ile dola ya Mkufu akamuuliza kama ana hakika. Renata akamjibu kwamba hajawahi kuwa na hakika zaidi ya hapo. Dola ikalia ndani ya bakuli, naye akatoka nje kwenye baridi.

Hasira hasara, walisema waliosema.

Simu ilianza kulia alasiri. Aliitazama tu. Ikalia akiwa anapika, ikalia akiwa anaoga. Jioni ilipoingia akaipokea, na nia yake ilikuwa kumtukana.

"Unataka nini?"

"Nataka kujua nimekosa nini, Ren. Nimekungoja mpaka wamefunga ukumbi."

"Kamuulize huyo wa koti jekundu. Si ndiye unayemfundisha mambo ya shingoni?"

Curtis akacheka, na kwa kweli hilo lilikuwa kosa lake pekee katika kisa hiki chote.

"Kumbe ulikuja. Sikiliza, mpenzi, usikate. Nimepata ya pili. Mkufu wa pili, kwenye sanduku la Janelle. Nikalipa kwanza, sijawa mjinga. Nilipokwisha lipa ndipo nikamwonyesha, maana neno lake ndilo linalosikilizwa. Kesho akiziona zote mbili anaitangaza. Kwa jina la Kubiak. Nilitaka nikushtukize, basi umeniharibia. Wewe njoo na yako tu, saa nne."

Renata alijibu sawa. Alisema sawa mara mbili, akakata simu, akakaa kitako sakafuni jikoni na mkoba mtupu mapajani. Alilia, nadhani kidogo kwa aibu na zaidi kwa hofu. Mwanamume amekutafutia jina lako lisimame miaka na miaka, nawe umeuza sehemu yako kama chuma chakavu. Atakuangalia kwa jicho gani?

Asubuhi milango ilipofunguliwa alikuwa wa kwanza kuingia. Bakuli la Mzee Otto lilikuwa tupu.

"Zile dola? Janelle alizizoa zote jana tunafunga," mzee akasema. "Alizipitia hapa hapa. Sijui aliona nini, akatabasamu."

Kati ya watu wote wa jimbo la Wisconsin. Renata akaelekea kona ile.

Janelle alikuwa peke yake, leo kavaa rangi ya maziwa. Alivuta kiti kwa mguu, akatandaza kitambaa cheusi, akaiweka dola juu yake.

"Nilikuwa nakungoja, dada. Nilipoitazama shingo tu nikajua ni ya nani. Curtis alinifundisha vizuri." Akaisukuma mbele. "Ichukue kwa nilichompa Otto. Na usiwe na wasiwasi, mwaya. Wanawake tunajuana. Curtis hana haja ya kujua, itabaki siri yetu, mimi na wewe."

Renata alikuwa ameshanyoosha mkono. Akaurudisha.

"Unamtaka?"

Janelle hakujitia hamnazo. "Nilimtaka. Nilimwalika samaki Ijumaa moja. Alikataa kwa adabu, halafu akasimama hapo nusu saa ananisimulia habari zako. Kuna tusi kubwa kuliko hilo?"

Ungedhani hayo yangemtuliza. Wapi! Renata alikuwa anafikiria kitu kimoja. Akikubali, basi kuanzia leo, kila maonyesho, kila ukumbi, mwanamke huyu atamwangalia Curtis akijua jambo ambalo Curtis halijui. Atakuwa na kipande chao. Wivu ule ule uliomfanya auze ukampanda, akaona heri aachwe kuliko kuwa na siri na Janelle Prudhomme. Akatoa simu, akapiga palepale mezani.

"Curtis, uko wapi? Sikiliza, usiseme kitu. Jana niliwaona nikaiuza. Niliiuza kwa Otto, kwa kuyeyushwa. Sasa anayo Janelle, anataka kunirudishia kimyakimya usijue. Mimi sitaki. Nataka ujue."

Upande wa pili gari likasikika likipunguza mwendo.

"Uliiuza ili uniumize," Curtis akasema.

"Ndiyo."

"Naegesha gari. Usiondoke hapo."

Aliingia na theluji mabegani. Hakumsalimu, hakumbusu. Alikaa, akatoa dola yake, akailaza kando ya ile nyingine chini ya taa, akampa Renata lenzi yake. Aliyegundua hutazama kwanza. Renata akatazama. Unywele ule ule, chini ya sikio lile lile, mpaka kifuani. Haukuwa mkwaruzo.

"Siku nyingine uliza, Ren," Curtis akasema, sauti imekauka. "Niliumia jana kukungoja, na leo nimeumia zaidi. Uliza kwanza."

"Nitauliza."

"Na wivu utaacha?"

"Nisikudanganye. Siwezi kuacha."

Akampangusa sukari ya unga ya keki za alfajiri hiyo shavuni kwa kidole gumba. Renata akaanza kulia, safari hii bila kujificha.

Janelle naye alichukua lenzi, akazitazama dola zote mbili bila haraka, mbele na nyuma. Akasema hana shaka hata chembe, chapa ni moja, na aina ni mpya. Akafungua kalamu. Akauliza aitangaze kwa jina gani, Kubiak kama walivyoongea jana?

"Tollefson," akasema Renata.

"Hapana," Curtis akaruka. "Wewe ndiye uliyeiona kwanza. Jina langu halina haki hapo."

"Nani amesema ni lako? Ni langu, kuanzia Juni. Kama utanioa."

Kalamu ikasimama hewani. Masikio ya Curtis yakawa mekundu kuliko ndevu zake, akauliza kwa nini wangoje mpaka Juni.

Renata aligeuka kwanza. Alikuwa anamtazama Janelle, kuhakikisha amesikia vizuri.