Kitabu cha Macho Kwenye Rafu ya Kuku

Chumba cha mbele cha nyumba yetu ni cha kazi. Kuna cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, na vipande vya vitambaa ambavyo tunavifagia asubuhi, na jioni vimerudi palepale. Binti yangu hushona sare za shule. Mimi hukunja pindo na kushona vifungo. Mwanangu wa kiume, mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi, huja kula nasi jioni. Na mjukuu wangu, mtoto wa huyu binti, tunamwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Akirudi kutoka chuo kikuu, hata aliyelala ataamka.

Jumatatu moja jioni niliwategea kitendawili ili kazi iende.

"Anakula uzi mchana kutwa, wala hashibi."

Kwa kawaida Chiriku hujibu kabla sijafunga mdomo. Siku hiyo alikuwa anaitazama hiyohiyo cherehani kama haioni. Nikajua kuna jambo.

Tulimbembeleza mpaka akasema. Alikuwa ameandika kazi ya chuo kuhusu macho ya mafundi cherehani: kwa nini wengi huanza kuona ukungu mapema, na kifanyike nini. Maneno yote aliyaokota kwenye simu, kidogo hapa, kidogo pale. Mhadhiri wake alimrudishia. Alimuuliza swali moja tu: haya nani amesema? Chiriku akamwonyesha simu. Akapewa mpaka Ijumaa. Asipoleta kazi yenye vyanzo vinavyoonekana, atarudia somo mwakani, na wenzake watahitimu bila yeye.

Mama yake alisimamisha cherehani. Akauliza kama maktaba ya chuo imefungwa.

"Nimekwenda, mama," Chiriku alisema. "Mhadhiri aliniambia kuna mwanafunzi wa zamani aliyezunguka kwa mafundi akapima mwanga wao. Kazi yake imejalidiwa kama kitabu. Kompyuta ya maktaba inasema kipo. Rafuni hakipo."

Mjomba wake aliacha kutafuna.

"Kwenye hesabu kipo, rafuni hakipo," alisema. "Hapo kuna mtu."

Huyu mwanangu amekaa stoo miaka mingi. Kwake yeye hata msumari haupotei, unachukuliwa. Akaanza kumhoji mtoto. Nani mwingine anaandika mambo ya macho? Chiriku akafikiri, akakumbuka. Yupo msichana mmoja wa darasa lao, wanamwita Miwani. Anaandika juu ya macho ya madereva. Wiki iliyopita alimkuta palepale kwenye rafu hiyo, naye alipomwona alikunja karatasi zake haraka haraka.

Basi, ikawa imekwisha. Kuanzia jioni ile Miwani alikuwa mwizi nyumbani kwetu, na watatu kati yetu hatukuwahi kumtia machoni.

Mjomba akampa ushauri. Akamwambia asiwe mjinga, afanye kama wanavyofanya wenzake. Akipata kitabu kingine kizuri, asikirudishe mahali pake. Akiweke anapopajua yeye peke yake. Binti yangu alisema hiyo si tabia nzuri, lakini alisema kwa sauti ndogo huku anatunga uzi.

Jumanne Chiriku alirudi ameng'aa. Alipata kitabu kinene kuhusu mwanga na macho ya watu kazini. Kilikuwa na alama nyekundu, maana yake hakiazimwi, husomwa humohumo ndani. Alisoma nusu mpaka kengele ya kufunga. Kisha akashuka nacho mpaka rafu za ufugaji, akakisukuma nyuma ya kitabu chenye picha ya kuku. Nani atakayetafuta macho kwenye kuku? Mjomba alimpongeza kama aliyefaulu mtihani.

Jumatano asubuhi kuku yupo, kitabu hakipo.

Na Miwani amekaa meza ya pili, anaandika.

Chiriku alirudi nyumbani mchana akilia. Nilimuuliza kwa nini hakwenda kwa wahusika kulalamika. Akanitazama.

"Nitasema nini, bibi? Kwamba kitu nilichoficha kimeibwa nilikokificha?"

Sote tulikuwa na hakika kwamba amefuatwa na kuchunguzwa. Mjomba alisema pengine hata wafanyakazi wa maktaba wamo, wanawawekea vitabu wale wanaowataka. Binti yangu akaniomba niende na Chiriku kesho yake. Wakiona mtu mzima, alisema, watashika adabu.

Alhamisi tukaenda. Mlangoni mlinzi alinisalimia vizuri, kisha akaomba mkoba wangu. Nikaushika kwa mikono miwili. Mtu anayetaka mkoba wa bibi kizee asubuhi asubuhi, utamwaminije? Akanieleza kwa upole kwamba mikoba yote hubaki kwenye makabati ya nje ili kitabu kisitoke kwa siri, na ufunguo nitakaa nao mwenyewe. Nikafunga, nikajaribu kuvuta mlango wa kabati mara mbili. Nikaandikisha jina kama mgeni. Tukaingia.

Ndani kuna ukimya ambao sikuupenda. Watu wengi namna ile, na hakuna anayeongea. Nilidhani wananitazama mimi. Chiriku alinionyesha kwa kidevu: binti mwembamba, miwani minene, karatasi zimetapakaa mezani. Alipotuona, alizifunika kwa mkono.

Nikasema moyoni, mwanangu wa stoo ana akili.

Kwenye meza ya mapokezi alikaa mkutubi, yaani msomi wa kazi ya maktaba. Mama wa makamo, sweta mabegani, penseli imechomekwa kwenye nywele.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Salamu hazikunilainisha. Nilimweleza kama nilivyotumwa: kwamba vitabu vinapotea humu, kwamba kuna wanafunzi wanaviiba, na kwamba wao wamekaa tu. Mkutubi hakukasirika. Aliuliza jina la kitabu kilichopotea jana. Akageuka kwa Chiriku, akamuuliza mara ya mwisho alikiacha wapi.

Chiriku akatazama viatu vyake. Nami nikavitazama.

"Kwenye kuku," alisema.

"Wapi?"

"Kwenye vitabu vya kuku. Nyuma."

Mkutubi hakucheka. Alinyoosha mkono kwenye toroli lililokuwa nyuma yake, akainua kitabu kinene chenye alama nyekundu, akakiweka mbele yetu.

Alitueleza kwamba kila asubuhi kabla ya kufungua, wafanyakazi hupita wakikagua rafu. Kila kitabu kina namba yake mgongoni. Namba hiyo ndiyo anwani yake: inasema chumba kipi, rafu ipi, kikae kati ya kipi na kipi. Kinachokutwa ugenini hutolewa na kuwekwa torolini, kisha hurudishwa kwao. Hakuna aliyekiiba. Kilikuwa kinangoja kurudi nyumbani.

"Sasa nikuulize," alimwambia Chiriku. "Kile cha kwanza, cha mafundi, ulipokikosa rafuni ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

"Kwa nini?"

"Nilidhani mnajua. Nilidhani mnakificha."

Mkutubi akavuta pumzi. Akasema kompyuta huandika kwamba kitabu kipo kwa sababu hakuna aliyekiazima. Haijui kama mtu amekihamisha. Huenda kuna mwanafunzi aliyekifanyia kile ambacho Chiriku alikifanyia hiki cha mwanga. Vitabu humu ni maelfu. Kimoja kikikaa pasipo pake, na hakuna anayesema, kinaweza kukaa miaka.

Ulimi ukaniwasha. Nikamwambia, "Kitendawili, mwanangu."

"Tega, mama."

"Ana jina na ana namba, lakini akihama chumba hakuna anayemwona."

Akaelewa upesi. Ndipo akacheka, na mimi nikaanza kumpenda kidogo.

Alimvutia Chiriku kiti, akafungua kompyuta. Akasema kazi za wanafunzi wa zamani siku hizi huhifadhiwa pia humo, na mwanafunzi yeyote wa chuo anaweza kuzisoma. Akaandika jina. Ikatokea kazi nzima ya yule aliyezunguka kwa mafundi, kutoka jalada mpaka ukurasa wa mwisho. Chiriku akashika kichwa. Siku zote zile alikuwa anapekua rafu na kuwachunguza watu, na kitu kiko hapo.

Wakati huo yule Miwani alikuwa amesogea mezani, amesimama mbali kidogo. Alikuwa na shida yake kwa mkutubi. Alianza kusema kwamba kuna kazi fulani juu ya mafundi na mwanga imepotea, na kwamba anamjua aliyeichukua. Aliishia katikati, maana macho yake yalikuwa yametua kwa Chiriku.

"Unamjua nani?" Chiriku aliuliza.

"Nilidhani ni wewe," Miwani alisema. "Kila nikienda pale rafuni nakukuta umeshafika."

"Mbona unafunika karatasi zako?"

"Ili usiige."

Walitazamana kama majogoo wawili. Kisha mmoja akaanza kucheka kwa pua, sijui yupi, na mkutubi akawakumbusha kwamba watu wanasoma. Akavuta kiti cha pili.

Nilikaa nikisikiliza. Aliwafundisha kutafuta makala kwenye majarida ya wataalamu. Msiiandikie kompyuta swali zima kama barua, alisema. Andikeni maneno mawili matatu tu: macho, mwanga, washonaji. Mkikosa, badilisheni neno. Jaribuni viwanda vya nguo, jaribuni uchovu wa macho. Mkipata kazi moja nzuri, nendeni mwisho wake. Mwandishi ametaja wote aliowasoma. Wafuateni hao mmoja mmoja, kama mtu anayeulizia njia. Na kabla hamjafunga ukurasa, andikeni papo hapo nani amesema, mwaka gani, kwenye kitabu gani, ukurasa wa ngapi. Maneno ya mtu mkiyachukua, mtajeni.

Kisha alimwomba Chiriku amwonyeshe kitu kimoja alichokitoa kwenye simu mara ya kwanza. Chiriku akasoma: kuna dawa ya matone inayoondoa ukungu wote wa macho kwa wiki moja.

"Nani ameandika?"

Jina halikuwepo.

"Lini?"

Hakuna tarehe.

"Amejuaje? Aliwapima watu wangapi?"

Hayo nayo hayakuandikwa.

"Shuka chini. Kuna nini?"

Chini kulikuwa na picha ya chupa ya matone na namba ya kupiga ili kuagiza.

Mkutubi akasema maswali hayo wayaulize kwa kila wanachosoma, hata kilichochapishwa kwenye karatasi nzuri. Hapo, alisema, washuku wanavyotaka.

Walifanya kazi mpaka kengele ya kufunga. Kile kitabu chenye alama nyekundu walikisoma kwa zamu. Walipomaliza hawakukirudisha rafuni wenyewe, walikiacha kwenye meza ya vitabu vilivyosomwa, kama ilivyoandikwa ukutani. Mkutubi akaandika taarifa kwamba ile nakala ya mafundi haionekani, ili itafutwe. Mpaka leo haijapatikana. Aliyeificha anajijua.

Jioni ile Chiriku alitusomea kazi yake mpya. Mjomba alikaa na mikono kifuani, kama anayepokea mzigo asiouamini. Aliposikia kwamba mafundi wanaofanya kazi taa ikiwa nyuma ya mgongo walilalamikia macho zaidi, akadakia.

"Nani kasema?"

Chiriku akataja jina la mwandishi, mwaka, na ukurasa.

"Kajuaje?"

"Aliingia kwenye vyumba vya mafundi, mjomba. Alipima mwanga mezani kwao kwa kifaa, kisha akawauliza mmoja mmoja."

"Na hilo la kupumzisha macho kila baada ya muda?"

Hilo lilitoka kwenye makala mbili za watu wasiojuana. Akazitaja zote mbili. Mjomba akauliza na lile la matone liko wapi. Chiriku akasema limetolewa, maana aliyelisema alikuwa muuzaji. Mjomba akashusha mikono kutoka kifuani. Nimemzaa mimi, lakini sikuwahi kumwona akikosa la kushuku.

Binti yangu alikuwa amegeuka kutazama taa yetu, iliyokuwa nyuma ya mgongo wake kabisa. Tulihamisha cherehani kabla ya kulala.

Ijumaa kazi ilipelekwa. Wiki iliyofuata ilirudi na alama nzuri. Chiriku hatarudia somo. Mhadhiri alikuwa ameandika pembeni kwamba safari hii yeye mwenyewe alifuata vyanzo vitatu akavikuta vyote mahali vilipotajwa. Miwani naye alifaulu. Alikuja kutusalimia, akala, akamsaidia binti yangu kukata kola. Mjomba alimpisha kwenye kiti chake.

Alipoondoka, mjomba alibaki anaizungusha ile kazi mikononi. Alitazama orodha ya mwisho, majina na miaka.

"Hiyo maktaba," alisema, "mtu wa stoo wanamruhusu kuingia?"

Chiriku akamwambia kwamba pale wageni huandikishwa mlangoni, wakasomea humohumo ndani.

Mjomba akakohoa. Kuna mabati yanamshikia kutu stoo, alisema, na bosi anamtazama kama vile kutu ameileta yeye.

"Sasa mtu kama huyo akifika anaanzia wapi?"

"Anaanzia kwenye meza ya mkutubi, mjomba," Chiriku alisema. "Anamwambia anachotafuta."