Mkalimani wa Ines

Ines alijibu akiwa amefumba mdomo. Hilo ndilo la kwanza lililomkosesha Zulmira raha, asubuhi moja ya mwaka tisini na nane, katika wodi ya wazazi mjini Mtwara.

Ines alikuwa mwanamke wa ng'ambo ya mto Ruvuma, Kiswahili hana hata cha kuombea maji. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni tangu jana. Dokta Sudi alitaka ridhaa yake ampasue, na wa kumwuliza alikuwa Zulmira tu, bibi wa mtaa wa Magomeni hapo mjini, ambaye wazazi wake walivuka mto zamani wakikimbia vita.

"Mwulize, bibi, anakubali?"

Zulmira akauliza kwa Kimakonde cha ng'ambo, ambacho manesi wa Mtwara hawakukielewa vizuri. Ikajibu sauti nene ya kiume kutoka kifuani mwa Ines, midomo imebana: "Mwambie hakuna kisu. Nyumba hii nimepanga mimi."

Harufu ya mabibo ya korosho yaliyooza ikajaa chumba.

"Anasemaje?" Dokta akanong'ona.

Zulmira hakulitafsiri. Katika ngoma za kupunga alishaona: neno la pepo halina nguvu mpaka mtu alibebe awafikishie wenzake, na likishafika halirudi. Na jini hili kumbe la ng'ambo, Kiswahili halijui. Bila mdomo wake halina pa kupita.

"Sema!" likanguruma, na vitanda vikaanza kutetemeka, na baridi ikampanda Zulmira toka visigino mpaka kisogoni, na nyuma ya sikio lake akasikia mtu anahema ilhali nyuma ni ukuta mtupu, na sauti ikamwambia kwamba asiposema litamhama Ines limpande yeye.

"Nipande basi," Zulmira akajibu. "Kwangu utakuta wajukuu na mkwe asiyenyamaza. Utarudi kwenu kwa miguu. Mimi mkalimani wa mgonjwa, si wako."

Akatia mkono kiganjani mwa Ines. "Mwanangu, kama unakubali kupasuliwa, nibane."

Ines akambana mpaka vidole vikalia.

"Amekubali, Dokta. Fanya haraka!"

Mtoto alitoka wa kike, analia kwa hasira. Ines alipozinduka akaomba uji kwa sauti yake mwenyewe.

"Na ile sauti, bibi," Dokta akauliza chinichini, "ilisemaje?"

Zulmira alipofungua mdomo, ulimi ukajipinda wenyewe, na sauti nene ikaanza kupanda kooni mwake. Akaung'ata mpaka damu ikachuruzika kidevuni.

"Kaa kama utakaa," akaliambia kwa Kimakonde, akijifuta kwa kanga. "Lakini humu msemaji ni mimi."

Kisha akamgeukia Dokta. "Haya, mgonjwa mwingine yuko wapi?"