Siku ya Tano Iliyochelewa

Mimi nilikuwepo. Naanza na hilo kwa sababu hapa Karwapata kila mtu sasa anaisimulia habari hii, hata wale ambao siku yenyewe walikuwa Ayacucho mjini wakinunua saruji, na kila mmoja anaisimulia vibaya. Aliyebeba gunia la majivu ni mimi. Aliyesimama nyuma ya mwalimu Nélida mlango ulipofunguliwa ni mimi, na sikukimbia. Aliyekimbia ni shemeji yangu, na anajijua.

Ilikuwa wiki ya kawaida kabisa ya mwezi wa kumi na moja. Viazi vimeshapandwa, watu wana muda wa kugombana. Mwalimu Nélida alikuwa na miezi minane tangu aletwe kwetu. Alizaliwa na kukulia Lima, lakini mama yake, marehemu Basilia, alikuwa wa hapa hapa. Basilia alitoroka kijijini akiwa msichana wa miaka kumi na moja, wakati wa vita, baada ya yale ya shuleni.

Yale ya shuleni, kwetu, yalikuwa hayasemwi. Askari walipanda kutoka kambini wakisema tumewalisha waasi. Walikusanya watoto na kina mama ndani ya shule, mlango ukafungwa kwa nje, na kilichofuata ni moto. Mimi siku hiyo nilikuwa mlimani nachunga alpaka. Kuta za shule zilibaki, baadaye zikaezekwa bati ili pawe ghala la mbegu, lakini mbegu zilizowekwa mle hazikuota hata moja, na panya hawakuzigusa.

Ndani ya shule hiyo aliishia Abilio, mdogo wake Basilia, mwenye miaka sita. Ndiye aliyemleta Nélida kwetu. Alitaka kujua mtoto yule alikufaje, na alitaka watoto anaowafundisha wajue vilevile.

Jumatatu ile kulikuwa na mkutano. Mwenyekiti wetu, mzee Fortunato, mtu mnene, shavu limejaa majani ya koka anayotafuna, alisimama akatangaza kwamba Jumamosi tingatinga linakuja. Kuta za shule ya zamani zitasukumwa, na juu yake utajengwa uwanja wa mpira wenye nyasi za plastiki. Watu wakapiga makofi. Nélida akanyoosha mkono.

"Kuna watu mle chini, mzee."

"Mle chini kuna udongo," alisema Fortunato. "Mwalimu, serikali imekuleta ufundishe kujumlisha. Wewe unafundisha kufukua."

"Nafundisha kilichotokea."

"Ulikuwepo? Mama yako alikimbia. Aliyekimbia hana cha kusimulia."

"Mtoto wa Lima huyu!" akadakia mwanamke mmoja wa nyuma. "Hata kumenya kiazi hajui, anataka kutumenyea vidonda!"

Watu wakacheka. Mwingine akasema kwa sauti ya chini, lakini iliyosikika vizuri: "Gaidi mdogo." Hapo hakuna aliyecheka. Fortunato akamwambia Nélida kwamba akiendelea na habari hizo darasani, Jumamosi hiyo hiyo atashuka mlimani na dereva wa tingatinga, begi lake mapajani. Nélida aliketi. Aliona kwamba wanawake wawili waliokuwa kwenye benchi lake walikuwa wamehamia benchi lingine.

Kwa hiyo alikuwa na siku nne. Alichofanya nazo ndicho kilichotufikisha hapa.

Kwetu mtu akifa, siku ya tano nguo zake hufuliwa mtoni, na jioni sakafu ya nyumba yake humwagiwa majivu, mlango ukafungwa. Roho inarudi kuaga. Asubuhi wenye nyumba wanasoma nyayo kwenye majivu, wanalia, basi, imekwenda zake. Wale wa shuleni hawakupata siku ya tano. Askari walikaa wiki tatu kijijini, na walisema atakayeonekana analia atafuatana na anaowalilia.

Nélida aliwaambia watoto wa darasa lake: kila mmoja achimbue nyumbani nguo moja ya mtu aliyekufa wakati wa vita, aulize ilikuwa ya nani, ailete. Wakaileta kweli. Sketi, mikanda ya kufuma, shuka la kubebea mtoto. Wa kwangu alileta kofia ya sufu ya kufunika masikio. Alikuwa ameniuliza ni ya nani, nikamwambia ni yangu ya utotoni. Wengi walijibiwa hivyo hivyo. Ya babu, ya sokoni, acha maswali.

Wa mwisho kufika alikuwa Maricielo, mjukuu wa Fortunato, miaka tisa. Alitoa kwenye mfuko wa plastiki sweta dogo jekundu. Nélida alilipokea, akalikunjua juu ya meza.

Mkono mmoja wa sweta ulikuwa mrefu kuliko mwingine. Mrefu sana, kama wa mtu mwingine.

Nélida alilijua sweta hilo kabla hajaliona. Mama yake alimsimulia mpaka siku anakufa: sweta la kwanza alilowahi kufuma, alikosea mkono wa kushoto, na Abilio alilivaa hivyo hivyo akicheza kujifanya hana kiganja. Alilivaa na siku ile.

"Maricielo," alinong'ona. "Umelitoa wapi?"

"Kwenye sanduku la babu, mwalimu. Chini kabisa."

"Ulimuuliza ni la nani?"

"Hajui kama nimelichukua." Mtoto akajikuna shingo. "Linanuka moshi, mwalimu. Bibi alilifua mara nyingi, bado linanuka."

Nélida alilinusa. Akalirudisha mezani haraka.

Alhamisi mchana Nélida na watoto waliteremka mtoni. Huko walimkuta mama Saturnina, bibi wa miaka themanini aliyepoteza watoto watatu mle ndani na hakupewa hata mfupa. Hakualikwa. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, sketi imepandishwa magotini, anangoja.

"Mnafua nguo za wanangu bila mimi?" alisema. "Sogea, Mtoto wa Lima. Hivyo unavyosugua utaondoa rangi, dhambi itabaki."

Akawaonyesha. Watoto walifua wakicheka, wakirushiana maji, na kila mmoja bibi alimtajia jina la mwenye nguo aliyoishika. Alizijua zote. Alipofika kwenye sweta jekundu, alimtazama Maricielo, akamtazama Nélida, akatema mate mtoni. Hakutaja jina.

Sasa sikilizeni vizuri. Nguo zikishafuliwa hazirudi nyumbani zikiwa mbichi. Hata kidogo. Zinakaukia juu ya mawe, huko huko mtoni, kisha zinachomwa, kwa sababu mwenye nguo hufuata maji yanayodondoka. Mtu mzima yeyote wa kwetu analijua hilo. Nélida alikulia Lima, hakulijua. Na watoto hawakuambiwa, maana ungewaeleza hilo, ungelazimika kuwaeleza na mengine.

Wingu lilikuja ghafla kutoka upande wa mlima. Mvua ya mawe, mawe ya ukubwa wa punje za mahindi. Watoto walipiga kelele, kila mmoja akanyakua nguo yake kutoka kwenye jiwe, akajifunika nayo kichwa, akakimbia kwao.

"Si nyumbani!" alipiga kelele mama Saturnina. "Ziacheni! Msizipeleke nyumbani!"

Hawakumsikia. Mvua iliisha mara moja, kama ilikuwa imekuja kwa kazi hiyo tu. Kwenye njia ya kwenda kijijini ardhi ilikuwa nyeupe kwa barafu, na katikati ya weupe ule palikuwa na mistari ya matone. Matone yalikuwa yametoboa barafu mpaka udongoni. Yalikuwa ya moto.

Jioni, jua halijazama, nilimpelekea Nélida gunia la majivu, shemeji yangu akinifuata. Alinikuta njiani akaniomba, na mimi si mtu wa kukataa, ingawa wengine walishakataa. Tuliyamwaga kwenye sakafu yote ya shule ya zamani, tukayasawazisha kwa fagio tukirudi kinyumenyume, tukatoka. Mama Saturnina akafunga mlango kwa uzi wa sufu uliosokotwa kwa kushoto, unaotumika kwa wafu. Ukungu ulikuwa umeshapanda kutoka bondeni. Kijiji kilikuwa hakionekani.

Fortunato alitokea humo ukunguni bila kofia. Jambo hilo peke yake lilitosha kunitisha. Mzee yule hata kanisani alivua kofia kwa kulazimishwa.

"Nani amefungua sanduku langu?" alisema. "Lile sweta linadondosha maji kwenye kamba yangu. Halikauki. Limelowesha ua mzima."

"Ni la Abilio," alisema Nélida. "Lilifikaje kwako?"

"Niliokota."

"Wapi?"



Mlango ulisukumwa kutoka ndani.

Si kwa nguvu. Taratibu. Kwa viganja. Viganja vingi, chini chini, kwenye kimo cha kiuno cha mtu mzima. Uzi wa sufu ukakaza, ukalegea. Ukakaza tena. Shemeji yangu ndipo alipoondoka.

"Usifungue," alinong'ona Fortunato.

"Kwa nini, mzee?"

"Kawaida ni mpaka asubuhi. Muulize bibi huyu. Kawaida ni asubuhi!"

"Ni kweli," alisema mama Saturnina, hana haraka. "Lakini hawa wamefungiwa asubuhi nyingi."

Nélida alishika uzi. Hakuufungua. Alimgeukia Fortunato, karibu, sauti yake ndogo kuliko ya mzee.

"Uliokota wapi?"

Viganja vilinyamaza. Vilikuwa vinasikiliza.

"Niliambiwa nishike mlango," alisema Fortunato. "Nilikuwa kijana. Nilishika tu. Huyo mwenye sweta…" Alimeza mate, koka na yote. "Huyo alikuwa ameshatoka. Alipita dirishani. Nilimkamata mkono, ule mrefu. Akachomoka, sweta likabaki. Nikamkamata tena."

"Halafu?"

"Nilimrudisha."

Nélida alifungua uzi.

Mlango ulijifungua wenyewe. Ndani hapakuwa na mtu. Majivu yalikuwa yamelala sawasawa, meupe, kama tulivyoyaacha. Harufu ya sufu iliyoungua ilitoka na kutupita.

Kisha alama moja. Katikati ya chumba. Ndogo.

Ya pili.

Ya tatu.

Nyayo za katambuga, zenye michoro ya tairi. Watoto wa leo huvaa raba. Katambuga za ukubwa ule hazijashonwa kijijini tangu vita. Nyayo zilikuja mlangoni bila haraka. Zilisimama mbele ya Nélida. Alihisi kidole chake kidogo cha mkono kimeshikwa. Kimeshikwa kweli. Halafu kikaachiliwa.

Nyayo zikaendelea nje, nyeupe juu ya tope jeusi, kuelekea kwa Fortunato. Alirudi nyuma. Zikasogea. Akageuka akakimbia, na ukungu ukamfunika, na sisi tuliobaki tulisikia miguu yake mizito ikishuka njia. Nyuma yake tulisikia miguu mingine, myepesi. Haikukimbia. Ilikuwa inarukaruka, kama ya mtoto anayerudi kutoka shule.

Asubuhi tulifuata nyayo. Zilikwenda moja kwa moja mpaka kwake, zikapita chini ya kamba, zikaingia chumbani, zikaishia kando ya kitanda. Fortunato alikuwa ameketi kitandani, hai, macho wazi, mkono wa kulia umenyooka mbele, ngumi imekazwa, kama mtu aliyeshikilia kitu kinachovuta. Sweta halikuwepo kwenye kamba. Halijaonekana tena. Chini ya kucha zake palikuwa na nyuzi nyekundu, mbichi, zinadondosha maji.

Hakusema tena neno lolote mpaka alipokufa mwaka uliofuata, na mkono ule haukukunjika. Ilibidi jeneza litobolewe ubavuni. Tingatinga lilikuja Jumamosi, dereva akaangalia zile nyayo za majivu ambazo mvua ya usiku haikuziosha, akageuza bila kuzima injini. Kuta zipo mpaka leo. Nélida naye yupo. Darasani anafundisha anachotaka, na mwanamke yule wa mkutanoni ndiye anayempelekea viazi, vimeshamenywa.

Sasa, mahali pamoja nimewadanganya, na ni vizuri niseme mwenyewe kabla shemeji yangu hajanisema. Nimesema nyayo zilikuwa za mtoto mmoja na zilikwenda nyumba moja. Hilo nililitunga mimi, na kijiji kizima kimelipokea, maana ukilisikia hivyo unaweza kulala. Kweli ni kwamba zilitoka mle mlangoni nyingi, kubwa na ndogo, zikatawanyika ukunguni, kila jozi ikifuata matone ya nguo yake. Hakuna nyumba iliyorukwa.

Kwangu ziliipita kwenye msumari ile kofia ya sufu, ambayo haikuwahi kuwa yangu, wala hazikusimama kwangu. Nilizikuta alfajiri kando ya kitanda cha binti yangu wa mwisho, mwenye miaka minne, ambaye shule alikuwa hajaikanyaga. Vidole vimeelekea mto. Mtoto alikuwa macho, ametulia, kama mtu aliyesimuliwa usiku kucha.

"Baba," aliniambia, "Melitón ni nani? Anasema mlikaa dawati moja."