Chachu ya Bibi Checchina

Kila Alhamisi alfajiri nyumba ya akina Saverio ilinuka unga uliochacha. Mama yake alikuwa tayari amekunja mikono ya gauni, anakanda unga wa njano ndani ya chano cha mbao, na Saverio aliamshwa kwa kuvutwa kidole cha mguu ili apeleke mikate tanurini. Siku hizo pale Altamura, kusini mwa Italia, watu wengi bado walioka katika tanuri la mtaa. Kila familia ilikuwa na muhuri wake wa mbao wa kugonga juu ya mkate kabla haujaingia motoni, ili mikate ikitoka watu wasigombane. Muhuri wa kwao ulikuwa wa marehemu Bibi Checchina, mama wa baba yake.

Chachu nayo ilikuwa ya Bibi Checchina. Haikununuliwa dukani. Lilikuwa donge la unga uliochacha, ambalo kila wakioka walimega kidogo wakaweka akiba, wakalilisha unga na maji likaumuka tena kwa mikate ya safari ijayo. Bibi alilipata kwa mama yake, naye kwa wake. Saverio alilijua tangu utotoni kama alivyojua paka wa nyumbani, na kusema kweli alilijali kiasi hichohicho.

Kiangazi kile Saverio na rafiki yake Vito walikuwa wamemaliza mtihani wa mwisho wa sekondari. Walikuwa wamechuma cheri mashambani mpaka migongo ikagoma, na vijisenti walivyopata walivipangia kazi moja tu: kuzunguka nchi yao kwa treni. Wangeona Roma, wapande mnara wa Bologna, kisha wamalizie Venisi. Venisi ilikuwa ndoto ya Vito. Juu ya kitanda chake alikuwa amebandika picha ya mji ule uliosimama majini, na kila aliyeingia chumbani alilazimika kuisikiliza habari yake. Katikati wangepita Torino, kwa sababu Torino aliishi Shangazi Graziella, na kwa shangazi kulala ni bure.

"Kama mnakwenda kulala bure, basi hamwendi mikono mitupu," mama yake Saverio alisema.

Akaweka mezani chupa ya mdomo mpana, imejaa nusu, imefungwa kwa kitambaa cha jikoni chenye mistari ya buluu. Ndani mlikuwa na chachu. Shangazi Graziella alikuwa na yake, aliyokwenda nayo Torino zamani alipofuata kazi ya kiwandani. Lakini wakati wa baridi alilazwa hospitali muda mrefu, na jirani aliyeachiwa ufunguo aliliona donge lile akadhani ni chakula kilichoharibika, akalitupa. Kwenye simu shangazi alisimulia upasuaji wake kwa sauti ya kawaida. Alipofika kwenye chachu ndipo alipolia.

"Kila asubuhi uilishe unga kidogo huu wa nyumbani," mama alisema, akimpa na kifuko cha unga. "Usiiache juani. Usimwachie mtu. Umenisikia, Saverio?"

"Nimekusikia, mama."

"Umesikia kwa masikio au kwa kichwa?"

"Kwa vyote, mama," alisema, huku akili yake imeshapanda treni.

Safari yenyewe ilikuwa tamu, acha wee. Behewa lilijaa askari wa likizo na wanawake wenye vikapu, na joto lilikuwa la kuchemsha yai. Kabla hawajafika Roma chachu iliumuka, ikasukuma kifuniko na kumwagikia kitambaa. Bibi mmoja aliyeketi mbele yao aliinusa akatabasamu kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni. Vito alitaka kujificha chini ya kiti.

"Tunanuka kama tanuri," alinong'ona. "Wasichana wote wamehamia behewa la pili."

Roma walikunywa maji ya mabomba ya barabarani, yale ambayo ukiziba mdomo wa bomba kwa kidole maji yanaruka juu hadi kinywani. Kahawa waliinywa wakiwa wamesimama kaunta, maana ukikaa bei inapanda. Makanisa waliingia yote, kwa kuwa hayana kiingilio, na mkate wao na soseji waliulia kwenye ngazi za kila jengo maarufu. Saverio aliiosha chupa kwa nje. Kitambaa kilichomwagikiwa hakukifua. Alikikunja hivyohivyo, akakisokomeza chini kabisa ya begi, na chupa akaitia kwenye mfuko wa nailoni. Asubuhi ya kwanza aliilisha chachu. Ya pili alisahau mpaka jioni.

Walipofika Bologna, Saverio alisimama mbele ya ofisi ya kutunzia mizigo pale stesheni.

"Tuiache chupa humu," alisema. "Tutaichukua tukitoka mnarani."

Vito alicheka. "Ulipe hela kuhifadhi unga? Hela hiyo ni aiskrimu mbili, bwana. Mwache bibi yako naye atalii kidogo."

Saverio naye akacheka. Wakala aiskrimu, kisha wakaanza kupanda mnara, Saverio na chupa yake kwapani. Ngazi zilikuwa za mbao, nyembamba, zimelika katikati kwa miguu ya watu wa karne nyingi. Karibu na juu palikuwa na kidirisha, na mwanga ulikuwa mzuri, na Vito akataka apigwe picha. Saverio aliweka chupa kwenye ukingo wa kidirisha ili ashike kamera kwa mikono miwili. Alisogea nyuma kidogo. Kiwiko kiligusa.

Ilianguka ngazi moja baada ya nyingine, na kila mgongano waliusikia, mpaka wakasikia kioo kikivunjika. Waliposhuka walimkuta mlinzi anafagia vigae vya kioo vilivyogandana na unga, ananung'unika juu ya vijana wa siku hizi wanaobeba jiko hadi mnarani. Vyote vikaingia kwenye pipa. Saverio alitazama fagio likipita.

Ndani ya treni ya Torino Saverio alikaa amekumbatia kifuko cha unga. Vito alimtazama, akatazama dirishani, akamtazama tena.

"Sikiliza," alisema. "Chachu ni chachu. Mwokaji yeyote anayo. Tunatafuta chupa, tunaomba donge, basi. Shangazi atajuaje?"

"Ni uongo, Vito."

"Uongo wa kumfurahisha mgonjwa. Au unataka ukamlize?"

Saverio hakutaka kumliza. Zaidi ya hapo, hakutaka kuonekana mbele ya shangazi alivyojiona yeye mwenyewe. Kwa hiyo walipofika Torino walipita kwa mwokaji wa karibu na stesheni, mtu mkarimu asiyeuliza maswali, na wakatoka na donge jeupe limetulia ndani ya chupa mpya.

Shangazi Graziella alikaa ghorofa ya nne katika majengo ya wafanyakazi wa kiwanda cha magari. Aliwapokea mlangoni, amekonda kuliko picha ya sebuleni kwao, akambusu Saverio mashavu yote mawili na kumvuta sikio.

"Una pua ya kaka yangu, masikini wewe. Na huyu ndiye Vito? Ingieni, mmeisha kwa njaa."

Lakini hakupakua chakula kwanza. Aliipokea chupa kwa mikono miwili, akaketi nayo mezani, akafungua kifuniko. Akafumba macho, akainusa. Akanusa tena. Saverio alisikia maji yakidondoka kwenye sinki.

"Mbona nyeupe?" shangazi aliuliza.

"Ni safari, shangazi," Vito aliwahi. "Joto la treni."

Shangazi alichovya kidole, akaonja. Kisha akaweka kifuniko taratibu na kupangusa macho kwa aproni.

"Daktari aliniambia zile dawa zingeharibu ladha yangu," alisema. "Kahawa siisikii vizuri, nikasema si kitu. Lakini hii nilidhani nitaisikia. Mama alikuwa akinikumbatia, mikono yake inanuka hivi. Kila nikioka hapa alikuwa kama anaingia jikoni. Sasa nanusa na siioni sura yake. Ndiyo hivyo. Hata harufu ya mama yangu imenitoka."

Vito alimkanyaga Saverio mguu chini ya meza. Saverio aliuondoa mguu wake.

"Haijakutoka, shangazi," alisema. "Hiyo si ya bibi. Ya bibi niliivunja Bologna. Niliona uchungu kulipa hela ya kuitunza stesheni, nikapanda nayo mnarani, ikanianguka. Hii tumeipata kwa mwokaji hapo chini. Tulikuwa tunakudanganya."

Hapo hata Vito aliinamisha kichwa. "Wazo lilikuwa langu, shangazi."

Mkono wa Shangazi Graziella ulipanda taratibu, akajigusa ncha ya pua.

"Kumbe pua yangu ni nzima," alisema.

Aliishika pua yake akacheka, machozi yakimtiririka. Halafu kicheko kikaisha, na Saverio akatamani kisingeisha.

"Mngeniacha nife nikiamini nimemsahau mama yangu," aliwaambia. "Ili ninyi mle chakula kwa amani. Mnajua hilo lingekuwa na uzito gani kwangu?"

Shangazi aliinuka, akaenda dirishani, akarudi. Alipouliza tena, aliuliza kwa sauti ya mtu wa kazi.

"Ilifungwa na kitu gani ilipotoka nyumbani?"

"Kitambaa cha jikoni. Ilimwagika kwenye treni, kikachafuka, nikakitupia chini ya begi."

"Ulikifua?"

"Hapana, shangazi. Nilikuwa mvivu."

"Kilete."

Saverio alipindua begi lote sakafuni. Kitambaa kilikuwa kigumu kama ubao, na mistari ya buluu ilikuwa imefunikwa na magamba ya njano yaliyokauka. Shangazi alikinusa. Safari hii hakufumba macho, aliyafumbua, na uso wake wote ukalegea kama wa msichana mdogo.

"Ndiye huyu," alisema. "Salama, mama?"

Alichukua kisu akakwangua magamba yale mojamoja kwenye kikombe, akiyashika kwa uangalifu. Aliongeza maji ya uvuguvugu na unga wa nyumbani uliobaki kwenye kifuko. Akaeleza kwamba chachu iliyokauka hulala tu, na huweza kuamka, lakini si lazima iamke. Ilihitaji kulishwa asubuhi na jioni na kuwekwa pasipo na upepo, na yeye kesho yake angeanza tena zamu kiwandani.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya treni ya Venisi. Saverio alimgeukia Vito ili amwambie aende peke yake, lakini Vito alikuwa anakitazama kikombe.

"Venisi imesimama majini miaka yote hiyo," Vito alisema. "Itanisubiri. Huyu bibi ndiye hana muda."

Wakabaki. Kila asubuhi waliilisha chachu kabla ya kunywa chai, na kila jioni shangazi alipofungua mlango aliuliza jambo moja tu, nao wakatikisa vichwa. Saverio alijifunza kukaa na kitu kidogo kisichosema asante. Aliwaza mikono ya mama yake kila Alhamisi, na aliona haya kwamba kwa miaka yote ile alikuwa analalamikia kuamshwa. Unga kifukoni ulikuwa unaelekea kwisha pale Vito alipoita kutoka jikoni, kwa sauti ya chini, kana kwamba ataamsha mtoto.

"Njoo uone."

Katikati ya kikombe palikuwa na kipovu kimoja. Walisimama pale wakikitazama kilivyovimba na kupasuka, na kingine kikatokea kando yake.

Jumapili shangazi alioka. Majirani waliotoka kusini walipanda ngazi bila kualikwa, harufu ndiyo iliyowaita, na kila mmoja alipewa kipande. Mzee mmoja aliyefanya kazi kiwandani tangu ujana wake alikula chake kikavu, bila jibini wala mafuta, akisema asipoteze ladha. Jirani aliyekuwa ametupa ile chachu ya kwanza alikuja naye, akapewa kipande kikubwa kuliko wote.

Walipobaki watatu, shangazi alimshusha Saverio hadi kwenye simu ya sarafu mtaani ampigie mama yake na kumweleza kila kitu kwa mdomo wake. Alimweleza. Mama alimsema mpaka sarafu za simu zikamtia hofu shangazi. Waliporudi ghorofani shangazi akawaketisha wote wawili.

"Chupa kuvunjika ni bahati mbaya, na ninyi mliiita kwa ubahili na uzembe," alisema. "Lakini hilo nilishasamehe kabla hamjamaliza kulitaja. Lile la chupa ya pili ndilo lililoniumiza. Na angalieni, mngeendelea na uongo wenu, ningekifua kitambaa kile pamoja na nguo zenu siku ileile nikiona ni tambara chafu, na mama angeishia kwenye sinki. Ukweli ulikuwa mchungu kuusema, lakini ndio ulionifanya nikiulizie kitambaa. Ukiharibu kitu cha mtu, mpelekee ukweli mapema, wakati bado kuna cha kuokoa. Na wewe Saverio, uvivu umekusaidia safari moja. Usiutegemee tena."

Asubuhi ya kuondoka aliwafungia mkate mmoja mzima kwa ajili ya njia, ndani ya kitambaa kilekile cha mistari ya buluu.

Siku hizi Saverio ana mvi, na Vito amekwenda Venisi mara nyingi kiasi kwamba hakuna anayetaka tena kumsikiliza. Shangazi Graziella hayupo. Lakini jikoni kwa Saverio, nyuma ya mlango, kimetundikwa kitambaa kilekile, alichokipaka tena chachu ya nyumbani ikakauka na kufanya magamba ya njano, na kila mtoto wa nyumba ile amewahi kukitoa akakifue na kuzuiwa njiani.

"Kiache hapo," huwaambia. "Keti kwanza nikueleze kilivyotuokoa, mimi na Vito."